Faili mbili za .m4a, moja inaimba na nyingine kimya: kisanduku chako si kibovu

Swali: "Jambo Fundi. Niko Kampemba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alinitumia kisanduku cha kuchezea muziki kwa waifai ya nyumbani, pamoja na diski yenye muziki wa marehemu baba yetu: CD zake za rumba, na zile santuri za zamani za magitaa ya Katanga, akina Jean-Bosco Mwenda na Losta Abelo. Yote mdogo wangu aliyaingiza huko kwenye kompyuta yake ya Apple. Mimi niliongeza nyimbo za kwaya yetu, nyingine nimerekodi kwa simu, nyingine nimetumiwa kwa WhatsApp. Diski nimeichomeka kwenye ruta, nyimbo nachagua kwa simu. Nyingi zinaimba. Za kwaya hazionekani kabisa kwenye orodha. Za santuri zinaonekana, zote zinaishia na .flac, na kwenye katoni ya kisanduku pameandikwa FLAC, lakini nikizigusa zinarukwa. Kinachonishinda zaidi ni nyimbo mbili za CD zinazoishia zote na .m4a: moja inaimba, nyingine kimya! Na ndani ya simu zote zinaimba. Kijana wa duka la simu anasema nigeuze kila kitu kuwa MP3 na kufuta za zamani ili diski ipate nafasi. Shemeji anasema intaneti yangu ni dhaifu, ninunue mega zaidi. Nimsikilize nani? Aksanti."

Jambo sana, Mama. La haraka kwanza: usifute faili hata moja, na mega usinunue kwa ajili ya jambo hili. Kisanduku chako karibu hakika ni kizima. Kifaa kibovu au waifai iliyochoka huwa na vituko visivyotabirika: wimbo leo unaimba, kesho unakwamakwama katikati, ukisogeza ruta unapona. Wewe umeeleza kitu kingine. Faili zilezile zinakataa kila siku, zinakataa tangu mwanzo, na wenzao wanaimba bila shida kwenye waifai hiyohiyo. Hiyo ni dalili ya fomati, yaani namna sauti ilivyoandikwa ndani ya faili. Kisanduku kinapewa faili ambazo hakikufundishwa kuzisoma.

Hoja ya shemeji tuimalize haraka. Muziki wako unatoka kwenye diski, unapita kwenye ruta, unaruka kwa waifai hadi kwenye kisanduku, na safari hiyo yote iko ndani ya nyumba. Mega zikiisha saa nne usiku, rumba ya baba inaendelea. Intaneti ya nje inahitajika kwa redio za mtandaoni, kwa sasisho la kisanduku, na kwa vifaa vingine siku ile ya kwanza ya kuviunganisha. Na muziki wenyewe si mzito: sauti ya CD bila kubanwa ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, wakati waifai ya kizazi cha 2003 ilikuwa tayari inatangazwa kwa kilobiti 54,000. Hata kuta na umbali zikila zaidi ya nusu, njia inabaki pana.

Sasa swali la simu, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi. Unapochagua wimbo kwa simu ili uchezwe na kisanduku, simu yako ni rimoti tu. Inasema "cheza huu", kazi yake imeisha. Ruta pamoja na diski ndiyo seva: inahifadhi faili, inaonyesha orodha, inatoa faili inapoombwa. Kazi ngumu ya kuifumbua faili iwe sauti inafanywa na kisanduku. Ukiufungua wimbo huohuo ndani ya simu, mfumbuaji anakuwa simu, na simu ya leo ina prosesa yenye nguvu na kodeki nyingi, yaani mbinu za kubana na kufumbua sauti. Programu kama VLC inakuja na za kwake juu ya hizo. Kisanduku kina prosesa ndogo na orodha ya kodeki iliyowekwa kiwandani. Kwa hiyo "kwenye simu inaimba" ni habari njema moja tu, kwamba faili ni nzima. Kuhusu kisanduku haituambii lolote.

Kuna hatua nyingine ambayo mtumiaji haioni. Seva inabandika kila faili lebo inayosema ni ya aina gani, na kisanduku kinailinganisha lebo hiyo na orodha yake. Lebo isipofanana na inachotarajia, faili inaweza kukataliwa hata kabla ya kufunguliwa. Seva moja inaandika audio/flac, nyingine audio/x-flac, na kuna visanduku vinavyotambua moja tu kati ya hizo. Ni upuuzi, nakubali, lakini ndivyo ulivyo.

Ukiona nembo ya DLNA kwenye katoni usiipe uzito usio wake. Muungano wa DLNA ulianzishwa mwaka 2003 ili vifaa vya makampuni mbalimbali vielewane nyumbani, na ukavunjwa mwaka 2017. Kwa upande wa sauti, fomati iliyolazimishwa ilikuwa LPCM, yaani sauti ghafi isiyobanwa. MP3, AAC na WMA, ambazo ni fomati zilizobanwa, zilikuwa za hiari, na FLAC kwa miaka mingi haikuwamo hata kwenye hiari. Kampuni zilizoongeza FLAC ziliiongeza kwa utashi wao, kila moja kwa mipaka yake. Kumbuka hiyo LPCM, tutaihitaji baadaye.

Tuje kwenye zile nyimbo mbili za .m4a. Herufi za mwisho wa jina la faili zinataja gunia, hazitaji unga. Gunia la kilo 25 linaweza kubeba unga wa mahindi au wa mihogo, na kwa nje usijue mpaka umesonga bukari. Gunia la .m4a linabeba mara nyingi moja ya vitu viwili. Cha kwanza ni AAC, kodeki iliyosanifishwa mwaka 1997, ambayo inapunguza sauti kwa kutupa sehemu ambazo sikio halizigundui kwa urahisi. Karibu kila kisanduku kinaijua. Cha pili ni ALAC, kodeki ya Apple ya mwaka 2004, ambayo inabana bila kutupa chochote. Ukiifumbua unapata sauti ya CD biti kwa biti. Apple waliifungulia dunia mwaka 2011 tu, na ndiyo maana visanduku vingi vya zamani, na vingine vya bei nafuu vya baadaye, havina ALAC.

Nadhani najua kilichotokea Ubelgiji. Programu ya muziki ya Apple, mtu asipogusa chochote, inaingiza CD kwa AAC. Ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuchagua ALAC, na faili za aina zote mbili zinatoka na .m4a ileile. Yaelekea mdogo wako alianza na AAC, halafu katikati akashauriwa aongeze ubora, akabadilisha. Hakukosea kitu. Alikupa hata nakala bora zaidi, ila kisanduku alichonunua hakizielewi.

Hili usiliamini kwa sababu nimesema mimi. Fungua kila moja ya zile nyimbo mbili kwa VLC kwenye kompyuta yoyote ya Windows, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Kama VLC yako ni ya Kifaransa, ni menyu ya Outils, halafu Informations sur le codec. Kwenye mstari wa kodeki utaona mp4a kwa AAC au alac kwa ALAC. Ukikuta faili inayoishia na .m4p, hiyo ni kesi nyingine: mara nyingi ni wimbo ulionunuliwa kwenye duka la Apple zamani, kabla hawajaondoa kufuli kwenye muziki mwaka 2009. Huo hauchezi nje ya vifaa vilivyoruhusiwa na akaunti ya mnunuzi, na dawa iko kwa mdogo wako. Usimtafute fundi kwa ajili yake.

Santuri ndizo zinazonivutia zaidi, na hapo katoni imekudanganya nusu. FLAC ni fomati huru iliyotoka rasmi mwaka 2001, haipotezi kitu, na ndiyo ningeichagua kwa hazina kama hiyo ya baba. Lakini FLAC inaweza kubeba sauti ya viwango vingi tofauti. CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Mtu anayerekodi santuri kwa uangalifu hupenda kutumia sampuli 96,000 za biti 24, na hapo mzigo unafika kilobiti 4,608 kwa sekunde kabla ya kubanwa. Visanduku vingi vinasema "FLAC" vikimaanisha hadi sampuli 48,000, vingine hadi biti 16 tu. Kwenye kijitabu tafuta jedwali lenye kichwa kama formats pris en charge (fomati zinazokubaliwa), na usome safu ya kHz, yaani maelfu ya sampuli kwa sekunde, na ya biti. Jedwali hilo ndilo ahadi ya kiwanda. Katoni ni tangazo. Kisha ilinganishe na kile VLC inachokuonyesha kwa Ctrl na J: ukiona 96000 Hz kwenye faili na jedwali linaishia 48, umepata jibu. Ukiona 44100 na biti 16 na bado wimbo unarukwa, basi shaka inarudi kwenye zile lebo za seva, au kwenye picha kubwa mno ya jalada iliyopachikwa ndani ya faili, ambayo huvisonga baadhi ya visanduku. Hiyo ya picha unaipima kwa dakika mbili: nakili wimbo mmoja, ondoa picha kwenye nakala, jaribu.

Za kwaya zina sababu nyepesi. Seva ndogo iliyomo ndani ya ruta inapekua diski kwa kufuata orodha ya herufi inazozijua. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus, na mara nyingi unaishia na .opus, rekodi za simu za zamani huishia na .amr. Seva haizijui herufi hizo, inapita juu yake kama haikuona kitu. Kwa AMR, nikuambie ukweli hata kama unauma: ni kodeki ya sauti ya simu, yenye sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo soprano zenu zilikatwa pale pale kwenye kurekodi na hakuna programu itakayozirudisha. Zigeuze kuwa MP3 zichezeke, zitunze kama kumbukumbu, na Jumapili ijayo urekodi kwa programu inayotoa AAC au WAV.

Sasa kijana wa duka. Ushauri wake una nusu ya kweli: MP3 inachezwa na karibu kila kifaa kilichopo duniani, na tangu mwaka 2017 haina hata mambo ya leseni za hataza. Kugeuza kuwa MP3 ni sawa kabisa kwa nakala ya gari au ya kumpa jirani kwenye ufunguo wa USB. Kosa liko kwenye lile neno "kufuta". MP3 inatupa sehemu ya sauti na haiwezi kuirudisha. Ukigeuza FLAC ya santuri kuwa MP3 kisha ukafuta FLAC, umebaki na kivuli. Na kwa santuri kuukuu hasara inazidi kidogo, kwa sababu ule mchakacho wa sindano ni kelele, na kelele ni ngumu kubana: kodeki inatumia biti zake kuuchora mchakacho huku gitaa la Mwenda likipata makombo. Siku mtu akitaka kuusafisha mchakacho huo vizuri atahitaji rekodi kamili. Ukigeuza AAC kuwa MP3 nako unapoteza mara mbili, kwa sababu AAC ilishatupa na MP3 inatupa tena.

Kuna ushauri wa kinyume ambao hujaulizia lakini utausikia: kugeuza MP3 ziwe FLAC "ili zipate ubora". Faili itavimba, sauti itabaki ileile. Usijisumbue.

Na nafasi? Albamu ya dakika 60 kwa MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 144. Bila kubanwa ni kama 635, na kwa FLAC huwa mara nyingi karibu nusu yake au zaidi kidogo, tuseme 400. Diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya albamu 2,000 za namna hiyo. Marehemu baba alikuwa na ngapi?

Mimi ningefanya hivi. Kabla ya yote, nakili diski nzima kwenye diski ya pili, uiweke kabatini. Hiyo ndiyo asili, na haichomekwi kwenye ruta. Halafu kwenye kompyuta ya Windows pakua foobar2000, ni ya bure, pamoja na furushi lake la vigeuzi. Chukua faili za ALAC tu uzigeuze kuwa FLAC. Zote mbili hazipotezi kitu, kwa hiyo unahamisha sauti ileile kutoka gunia hadi gunia, na jina la msanii na la albamu vinafuata. Usizigeuze kuwa WAV, kwa sababu WAV haibebi maelezo hayo kwa njia ambayo vifaa vyote vinaisoma, na utaishia na orodha ya nyimbo zisizo na majina. Zile za AAC ziache zilivyo. Za santuri zitengenezee nakala za biti 16 na sampuli 48,000, ambayo ni nusu kamili ya 96,000. Usione huruma hapo: biti 16 zinatoa nafasi ya takribani desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa, na santuri ya umri ule haifiki huko. Nakala hizo ndizo ziingie kwenye diski ya ruta, na asili za 96,000 zibaki kabatini. Kisha uiambie ruta ipekue diski upya, maana bila hivyo inaweza kuendelea kuonyesha orodha ya zamani.

Anza na nyimbo tatu nne, moja ya kila aina, uone kisanduku kinasemaje. Nimeona watu wakigeuza maelfu ya faili usiku kucha kisha asubuhi wakagundua walichagua kiwango kisicho sahihi.

Njia nyingine ipo na ni ya kitaalamu zaidi: seva inayotafsiri papo hapo. Faili zinabaki zilivyo, na seva inazifumbua na kukipa kisanduku kitu inachokielewa, ama FLAC ya kawaida, ama LPCM ile ya lazima. Wazo si geni. Mwaka 2001 kampuni ya Slim Devices ya Marekani ilitoa kisanduku kiitwacho SLIMP3 kilichojua MP3 peke yake, na kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyokuwa ikitafsiri fomati nyingine. Programu ile inaishi mpaka leo kwa jina la Lyrion Music Server, bure. MinimServer na Asset UPnP nazo zinaweza kutafsiri. Tatizo ni kwamba ruta yako haina nguvu za kazi hiyo. Unahitaji kompyuta, au ile kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, inayowaka muda wote. Kwa mwenye umeme wa uhakika, au jua na betri, ningempendekezea bila kusita. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika bila taarifa, seva ya ziada ni kitu kimoja zaidi cha kuzimika vibaya, na kugeuza faili mara moja kunakutosha.

Kukatika kwa umeme ndiko pia sababu ya pili ninayotaka uichunguze, maana umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili inaweza kuharibika kimyakimya. FLAC ina uzuri wake hapa: ndani yake imebeba alama ya uhakiki ya sauti nzima, na foobar2000 inaweza kukagua folda zima na kukuambia ipi imeguswa. Fanya hivyo kabla ya kugeuza chochote. Na ukitaka kusasisha kisanduku chenyewe, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huongeza ALAC kwa sasisho, soma kwanza orodha ya mabadiliko, kisha ufanye wakati umeme umetulia. Sasisho likikatizwa katikati linaweza kukiua kabisa.

Mpelekee fundi kisanduku iwapo kinakataa hata MP3 ya kawaida ambayo kwa simu inaimba, au kikijizima chenyewe, au kikichemka hadi mkono haukai juu yake. Diski ina kanuni yake: ikianza kugonga tiki-tiki, au folda zikitoweka na kurudi, ichomoe na usiijaribu tena nyumbani, kwa kuwa kila kuiwasha kunaweza kupunguza kinachookoleka. Mtafute mtu anayeokoa data, na umwulize kabla hajaishika atafanya nini. Akijibu kwamba ataanza kwa kuiformati, chukua diski yako, Mama, mshukuru, ondoka. Na kwa mdogo wako tuma ujumbe leo: je, zile faili za kwanza alizorekodi kutoka kwenye santuri bado anazo kwenye kompyuta yake? Akisema ndiyo, mwambie asizifute mpaka zote ziwe zimeingia kwenye diski yako ya kabatini na umeikagua.